Mama Aliyetazama Mikono Kwanza

Mama Titulere hakuwa akimtazama mtu usoni. Mgonjwa akiingia kwenye farmasi yake, kabla hata salamu haijaisha, macho yake yalikuwa yameshatua kwenye mikono: kucha, vifundo, ngozi ya mgongo wa kiganja. Akishatosheka ndipo aliinua kichwa na kujibu, "Jambo, mama," kana kwamba ndiyo kwanza umefika.

"Uso unadanganya," aliniambia nilipomuuliza. "Mutu anaoga uso, anaupaka mafuta, anacheka. Mikono haijui kucheka."

Titulere, kwetu Goma, ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi kwenye vituo vya vijijini, akastaafu, akaja mtaa wetu wa Mabanga kufungua chumba cha mbao juu ya mawe ya volkano, rafu tatu za dawa na kitanda kimoja nyuma ya pazia. Jina lake nilikuwa nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Cheo kile alikiacha kazini, watu wakamrudishia barabarani.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ileile, ukuta mmoja wa mbao kati yetu, na kwa miaka kumi na moja nilisikia kartye nzima, yaani mtaa wote, ikieleza magonjwa yake kupitia nyufa za mbao zile. Nilijua ni nani ana minyoo na ni nani anasema ana minyoo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuambiwa na mtu.

Alikuwa mkali. Ukija kumwomba vidonge vya kunenepesha, vile wasichana wanavyomeza kabla ya harusi ili mashavu yajae, alikuonyesha mlango. Ukitaka antibiotiki kwa sababu jirani yako alipona nayo, alikwambia ukamlete jirani. Zaidi ya ukali, hakujua kufariji. Nilimsikia siku moja mzee mmoja akimuuliza, "Nitapona, Mama?" Mimi upande wangu nilisimamisha mguu kwenye pedali nisikie jibu.

"Sijui," alisema Mama Titulere. "Kunywa dawa kwanza. Alhamisi ukirudi, tutajua wote wawili."

Mzee alirudi Alhamisi. Wengi walirudi. Nadhani walichoka kudanganywa kwingine.

Alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa, kikubwa, jalada limedondoka, amekifunga kwa kipande cha kitenge nilichomkatia mimi. Mchana ukiwa hauna wagonjwa alisoma sura ya vitamini kama wengine wanavyosoma Zaburi, midomo ikichezacheza. Alizipenda zaidi vitamini za B. Alisema B ni familia yenye watoto wengi, kila mtoto na kichwa chake, na kwamba yeye mtoto wake ni wa tatu. Wa tatu huyo alinifundisha mpaka nikamjua bila kutaka. Alisema mwili unahitaji kidogo sana, na kidogo hicho kimo kwenye maharage, karanga, nyama, samaki, mayai. Mahindi pia yanayo, ila yameifungia ndani, tumbo la mtu halifiki. Mtu akila ugali wa mahindi peke yake mwezi hadi mwezi, ngozi inaungua pale jua linapofika, tumbo linaharisha, na mwisho akili inaondoka. Ugonjwa huo unaitwa pelagra.

"Kidogo yake inarudishia mutu akili," alisema. "Mingi yake ni dawa ya watu wa Himbi."

Watu wa Himbi ni wale wenye nyumba za kando ya ziwa na ofisi zenye jenereta. Baadhi yao walikuwa wamepimwa damu, wakaambiwa wana kolesteroli, yaani mafuta mengi kwenye mishipa, na ndugu zao wa Ulaya wakawatumia chupa za vitamini hiyo, vidonge vikubwa. Mmoja alishuka kwenye gari mbele ya baraza yetu saa nne asubuhi, mtu mzima wa tai, uso na masikio vinamuwaka, jasho linatiririka, anajikuna shingo kwa mikono miwili.

"Wamenipatia karuho," alisema. "Niko naungua ndani."

Karuho ni ile sumu ambayo watu wa kwetu wanaamini inatiwa kwenye bia au chakula na jirani mwenye wivu. Ukitaka kutisha familia nzima kwa neno moja, ni hilo.

Mama Titulere alimtazama mikono, halafu akamuuliza alikuwa amemeza nini asubuhi.

"Vitamini tu. Ya kolesteroli. Na chai ya moto."

"Kaa chini. Haina karuho. Ile vitamini inafungua mishipa midogo ya ngozi, njo maana uko naungua. Nusu saa itapita. Siku ingine kula kwanza, uimeze kati ya chakula. Na uende kwa dokta akupime maini, juu ile dawa ukiizoea vibaya inaharibu maini. Na nyama ya mbuzi ya kila jioni, utaacha lini?"

Yule bwana alicheka kwa aibu na nafuu. Mimi nami nilicheka upande wangu, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Kila saa nne asubuhi, Mama Titulere mwenyewe alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha mlangoni akijipepea kwa kifuniko cha katoni, shingo inamuwaka vilevile. Binti wa dada yake aliyeko Ubelgiji alikuwa anamtumia chupa ileile. Naye jioni, akishafunga, alikuwa anaagiza nyama ya mbuzi ya kuchoma, sehemu ya ubavu, yenye mafuta, na kuila yote peke yake, akilamba vidole. Nilipomwambia kwamba anawakataza wengine anachokula mwenyewe, hakukasirika.

"Najua," alisema. "Mimi ni mugonjwa mubaya. Wauguzi wote ni wagonjwa wabaya."

Jambo jingine aliloshindwa ni majivu. Kwenye kitabu chake alisoma kwamba kuna watu wa mbali ambao huchemsha mahindi kwenye maji ya majivu au chokaa kabla ya kuyasaga, na kwamba kwa njia hiyo vitamini iliyofungiwa inafunguka. Akachemsha sufuria nzima kwenye baraza, akasaga, akasonga ugali, akatuita. Ulikuwa wa kijivu na unanuka jiko. Mama mmoja muuza mkaa alionja, akaenda kutema nyuma ya nyumba. Mama Titulere naye alionja, akatafuna muda mrefu, akameza.

"Mubaya sana," alikubali, na sufuria akaiosha mwenyewe.

Nimechelewesha kumsema dada yangu. Ninajua.

Dada yangu mkubwa, ambaye mimi nilimwita Yaya, alikimbia Masisi na binti zake wawili baada ya mumewe kuuawa shambani. Wakapata kibanda cha turubai kambini, magharibi ya mji. Chumba changu kilikuwa na watu sita, na mume wangu alisema wa saba hatapata pa kulaza mgongo. Sikubishana naye vya kutosha. Nilikuwa ninaenda kambini Jumapili na maharage kwenye mfuko, Yaya anayapika, anawapakulia binti zake, yeye anakula ugali na majani yaliyochemshwa kwa chumvi. Nilimwona akifanya hivyo. Nilidhani ni umama tu, kwamba mama yeyote angefanya hivyo, na sikuona kuwa kuna mwisho wake.

Ilikuwa mwaka wa pili wa kambi alipokuja barazani na kipande cha kitenge.

"Nishonee mikono mirefu, mpaka hapa kwenye vidole," alisema. "Na kola ya kusimama."

"Yaya, na hili jua?"

Akaifungua skafu. Shingoni ngozi ilikuwa nyeusi, nene, imepasuka, imezunguka kama mkufu ulioungua, na mbele ikashuka kifuani kama ncha ya tai. Mikono ilikuwa vivyo hivyo, yote miwili sawasawa, kama amevaa glavu. Nilishika futi ya kupimia nikashindwa kuizungusha.

"Inauma?"

"Inachoma jua likipiga. Usimwambie mutu. Kambini wameshaanza. Wengine wanasema niko na ule ugonjwa wa damu. Shemeji yako, ndugu ya marehemu, anasema ni karuho, kwamba kuna mutu alinipatia. Wakijua, hata maji hawatanichotea. Niapie."

Nikamwapia. Upande wa pili wa ubao, mita moja na nusu kutoka shingo ile, Mama Titulere alikuwa anasoma kitabu chake. Ningeweza kugonga ukuta kwa futi yangu. Dada yangu alikuwa ananitazama, akiona aibu mbele yangu mimi niliyebebwa naye mgongoni, na aibu yake ilikuwa na nguvu kuliko akili yangu.

Nguo niliimaliza vizuri. Siku ya pili Mama Titulere alitoka kuazima kiti, akaishika ile kola, akaipima kwa kidole.

"Nani atavaa hii kwenye joto la sasa?"

"Mteja. Ana harusi ya kanisani," nilisema.

Alitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika mkasi na sikuwa ninakata kitu. Akachukua kiti, akaingia ndani.

Wiki nne baadaye, binti mkubwa wa Yaya alikuja kwa miguu kutoka kambini. Alisema mama yake haogi, halali, anaharisha, anazungumza na ukuta wa turubai akiuita jina la marehemu baba. Wakwe walikuwa wamempeleka kwenye chumba cha maombi upande wa Murara, na huko alikuwa amefungishwa siku tano, bila chakula, ili kile kilichomwingia kimtoke. Niliingia farmasi bila kubisha hodi nikaanza kueleza. Mama Titulere hakuniacha nimalize.

"Ngozi iko aje? Mikono miwili sawasawa?"

"Sawasawa."

"Na shingo?"

Nilizungusha kidole shingoni mwangu. Aliweka kalamu chini.

"Ile kola," alisema.

Hakunigombeza. Alichukua mfuko wake, akachukua chupa yake ya Ubelgiji kutoka rafu ya juu, akafunga farmasi mchana kweupe. Katika miaka kumi na moja sikuwahi kuuona mlango ule umefungwa saa hiyo.

Kwenye chumba cha maombi tuliwakuta wanawake tisa au kumi wamepiga magoti. Yaya alikuwa amelala kwenye mkeka, amevaa nguo niliyomshonea, midomo imepasuka, ulimi mwekundu kama nyama. Hakunijua. Mama mtumishi aliyeongoza maombi alisimama mlangoni akatuzuia kwa upole.

"Tuko napigana na roho, Mama. Ukimutoa sasa, itarudi na wenzake."

"Huyu ni mutu wa njaa," alisema Mama Titulere. "Miaka miwili alikula unga wa mahindi, na nyinyi munamufungisha?"

"Na mimi niko nafunga naye. Siku tano, kama yeye."

Ilikuwa kweli. Macho ya yule mama yalikuwa yameingia ndani, na magoti yake yalikuwa na vidonda. Mama Titulere alimtazama, kwanza mikono, halafu, nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifanya hivyo kwa mtu asiye mgonjwa, akamtazama usoni.

"Basi wewe kula leo," alimwambia. "Na huyu utuachie."

Yule mama alivua shali yake akamfunika Yaya, akatusaidia kumbeba mpaka barabarani.

Hospitali zote za karibu zilikuwa zimejaa majeruhi wa vita, wengine wamelazwa kwenye veranda. Tulizunguka mbili, halafu Mama Titulere akasema tusipoteze mchana. Tulimlaza nyuma ya pazia. Alimtundikia seramu, yaani maji ya mshipani, akavunja vidonge vyake vikubwa kwa kisu cha mkate, robo robo, akampa robo ndani ya uji wa karanga, kijiko kwa kijiko. Baada ya muda kidogo Yaya akaanza kulia kwamba anaungua. Shemeji yake aliyekuwa mlangoni akapiga kelele kwamba roho inatoka.

"Ni dawa," alisema Mama Titulere. "Hii ya kumeza inachoma. Ile isiyochoma sina. Inapita."

Ilipita. Siku ya pili Yaya aliacha kuzungumza na ukuta. Siku ya tatu asubuhi alifungua macho, akanitazama muda mrefu, akaniita jina langu la utotoni. Nilimkimbilia Mama Titulere nikimwambia amepona, amepona, naye akanijibu kwamba akili inatangulia, mwili unafuata, na mwili wa huyu umeachwa mbali sana. Yaya alisikia sauti za wagonjwa upande wa mbele wa pazia. Akapapasa shingo yake. Nilikuwa nimemvua ile nguo niifue.

"Kola yangu iko wapi?" aliuliza. "Watu watanionaje?"

Nikamfunga shali ya yule mama wa maombi shingoni. Akatulia. Mchana kuharisha kukarudi kwa nguvu, mshipa ukapotea, Mama Titulere akautafuta mkono wa kulia, wa kushoto, mguuni. Kabla ya saa kumi alikuwa amekufa.

Kwenye matanga watu walinifariji kwa maneno yote ambayo watu huwa nayo. Mama Titulere alikuja siku ya pili, akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu. Nikataka neno lake. Nilikuwa nimesikia majibu yake kupitia ubao miaka kumi na moja, najua anavyojibu, na bado nikamuuliza.

"Kama ningekuambia siku ile ya kola?"

"Angepona," alisema.

Nilimngoja aongeze "pengine", au "Mungu ndiye anajua". Hakuongeza. Alikaa na mimi mpaka jioni, mkono wake juu ya goti langu, na neno lile hakulirudisha.

Nilimchukia miezi minne. Cherehani niliigeuza, mgongo wangu ukaelekea ukuta wake. Akitoka kuazima kiti nilikuwa ninampa bila kumtazama. Binti wawili wa Yaya walikuwa wameshahamia kwangu, na mume wangu safari hii hakusema neno kuhusu mgongo wa mtu. Kila Alhamisi mchana nilisikia kufuli la farmasi likifungwa, na sikuuliza anakwenda wapi. Nilichoona tu ni kwamba saa nne asubuhi hajipepei tena.

Halafu akaja mteja mmoja, mwanamke wa kambini, na blauzi ya kupunguza mikono.

"Kata hapa, juu ya kiwiko," alisema. "Zamani nilikuwa naficha. Sasa iko sawa."

Ngozi ya mikono yake ilikuwa mpya, laini, rangi nyepesi kidogo kuliko ya juu. Nilimuuliza nani alimtibu.

"Ule mama mukali wa farmasi. Anakuja na kitabu na chupa. Anakata kidonge na kisu. Inachoma kama pilipili, lakini nimelala usingizi."

Alhamisi iliyofuata niliposikia kufuli, nilisimama nikamfuata. Tulipokaribia kambi akasema, "Watu wananiogopa mimi. Wakiona naangalia mikono, wanaificha. Wewe utasema."

"Niseme nini?"

"Ile uliyonificha."

Nikaisema. Mbele ya wanawake ishirini chini ya turubai la kugawia chakula, nilieleza juu ya shingo ya dada yangu, kiapo, kola, na harusi ya uongo. Nilieleza kwamba si karuho, si ule ugonjwa wa damu, na kwamba hauambukizi. Halafu bibi mmoja wa nyuma akafungua skafu yake. Na wa pembeni yake akakunja mikono ya sweta. Mama Titulere akapita kati yao, ameinama, kichwa chake hakiinuki.

Tulienda hivyo Alhamisi nyingi. Aliwaandikia wagawaji wa chakula barua, akiomba karanga ziongezwe kwenye mgao, au vidonge vya vitamini peke yake, vile visivyochoma. Barua ya tatu ilijibiwa kwa katoni mbili. Zilikwisha haraka. Alipomaliza katoni alirudi kwenye chupa yake.

Kisha vita vikaingia mjini. Siku zile za risasi tulilala chini ya meza, na tulipotoka, farmasi haikuwa na mlango wala rafu. Kitabu tulikikuta kwenye tope, kurasa zimeshikana. Kambi zikabomolewa, watu wakaambiwa warudi makwao, na wale wanawake wakapita barabarani na magodoro kichwani. Sikupata tena habari zao. Uwanja wa ndege ulifungwa, chupa ya Ubelgiji haikuja tena. Mama Titulere aliendelea kukaa kwenye kiti chake mbele ya chumba kitupu, akitazama mikono ya wapita njia. Siku moja nilisikia kiti kinaanguka. Nilipofika, upande wake wa kulia ulikuwa umeshakufa na mdomo umekwenda kando.

Mpwa wake mwingine, anayeishi hapa mjini, alimchukua kwake, nyumba ndogo nyuma ya soko. Mara ya mwisho nilipomtembelea ilikuwa mwezi uliopita. Nilimkuta ameegemezwa kwenye mito karibu na dirisha. Maneno yake yanatoka polepole, yamelowa, lakini ni yake. Nilikaa, na kwa kuwa nilikuwa nimelibeba swali muda mrefu, nikaliweka mbele yake: kama asingewapa watu wa kambi vidonge vyake, je, angekuwa ameanguka?

Alicheka kwa upande mmoja.

"Usinifanye mutakatifu," alisema. "Ile vitamini, madokta wa sasa wameacha kuitumainia kwa ugonjwa wa moyo. Wana dawa zingine. Mimi nilikula mafuta. Mbuzi ile, kila jioni. Iandike hivyo kama unataka kuandika."

Nimeiandika hivyo.

Nilikuwa nimemletea sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, sahani moja iliyofunikwa, bado wa moto. Nilifunua nikamwinulia mmoja mdomoni. Hakufungua mdomo. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

"Binti wa dada yako wanakula nini?"

"Maharage. Karanga zikipatikana. Na sambaza, kama hawa."

"Kila siku?"

Bei zimepanda, wateja wa nguo hakuna, na wiki ile nzima tulikuwa tumekula ugali na majani. Sambaza wale niliwanunua kwa ajili yake.

"Siyo kila siku," nilisema.

"Wiki hii?"

"Wiki hii hapana."

Alinyanyua mkono wa kushoto, ule unaosikia, akaisukuma sahani mpaka ikagusa tumbo langu.

"Funika," alisema. "Bado iko moto."

Nilimbembeleza ale hata wawili. Alifunga midomo, upande uliokuwa unaweza kufungwa, akageukia dirisha. Nilikaa kidogo na samaki mkononi, halafu nikamrudisha kwenye sahani, nikafunika, nikaaga.

Nyumbani wasichana walikula wote, na vichwa. Mdogo alilamba sahani, akaniuliza kama na kesho wapo.

Nikamwambia sijui.